Maisha ya Jemadari George Marshall, Askari Aliyejenga Daraja la Amani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wakisikia habari za jemadari mkuu hufikiri mizinga, farasi na miji iliyotekwa. Wako majemadari ambao maisha yao yamejaa damu tu, na mwanafunzi akimaliza kuyasoma hana alichopata ila orodha ya mapigano na tarehe zake. Lakini yuko jemadari mmoja ambaye hakupata kuliongoza jeshi lake mwenyewe katika uwanja wa vita hata siku moja, na juu ya hayo jina lake latajwa kwa heshima na mataifa yaliyokuwa rafiki zake, na hata na taifa lililokuwa adui yake. Huyo ni George Catlett Marshall wa Marekani. Nimeona inafaa kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari zake, kwa maana ndani yake mna funzo juu ya jambo linalotuhusu sote, nalo ni hili: namna ya kumwinua mtu aliyeanguka bila kumvunjia heshima yake.

UTOTO NA MASOMO

Marshall alizaliwa tarehe 31 Desemba, 1880, katika mji mdogo wa Uniontown, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na kwa muda nyumba yao ilikuwa na neema. Kisha baba akaitia mali yake nyingi katika biashara ya ardhi, biashara ile ikaanguka, na watu wa nyumbani wakajifunza kubana matumizi. George alikuwa kitinda mimba. Shuleni hakuwa hodari. Masomo mengi yalimshinda, isipokuwa historia, ambayo aliipenda sana.

Kaka yake, aliyeitwa Stuart, alikuwa amesoma katika chuo cha kijeshi cha Virginia, katika mji wa Lexington. George naye alipotaka kwenda huko, alimsikia kaka yake kwa siri akimsihi mama yao asimpeleke, kwa kuwa mtoto huyu angeliaibisha jina la ukoo wao. Wako vijana ambao wakisikia neno kama hilo kutoka kwa ndugu yao wa tumbo moja hukata tamaa kabisa. George hakusema kitu, ila moyoni aliazimia kwamba atamwonyesha kaka yake. Akaingia chuoni mwaka wa 1897.

Sisi tunaosoma shule za bweni twajua kwamba mwanafunzi mgeni hujaribiwa na wenyeji. Katika chuo kile majaribu yalikuwa makali kupita kiasi. Wanafunzi wa juu walimwamuru George achuchumae juu ya singe iliyosimamishwa ncha juu. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika ugonjwa wa homa ya matumbo, na nguvu zake zilikuwa hazijarudi. Akashindwa kujizuia, akateleza, akajeruhiwa. Mchezo ule ulikuwa wa kikatili wala haufai kuigwa na shule yo yote. Hata hivyo George hakuwataja waliomtenda, wala hakulipiza kisasi, na tangu siku ile wenzake walimtazama kwa jicho jingine. Mwaka hata mwaka alipanda daraja ya uongozi, hata alipomaliza masomo mwaka wa 1901 alikuwa kapteni wa kwanza, ndiye kiranja mkuu wa wanafunzi wote. Kaka yake hakuwa na la kusema.

ASKARI WA MEZANI

Mwaka wa 1902 alipata cheo cha luteni, akamwoa Elizabeth Coles wa Lexington, na mara akapelekwa visiwa vya Filipino. Baada ya hapo ikafuata miaka mingi ya kazi isiyo na sifa. Katika jeshi la siku zile, wakati wa amani, vyeo vilikwenda mwendo wa kobe. Marshall alingoja miaka 14 ndipo akawa kapteni. Lakini wakubwa wake walikwisha kumwona kuwa ni mtu wa namna ya pekee katika kupanga mambo: ni watu wangapi watakwenda wapi, kwa njia gani, watakula nini, na watafika saa ngapi.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka wa 1917, Marshall alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwenda Ufaransa. Siku moja mwezi wa Oktoba, mkuu wa majeshi yote ya Marekani huko, Jemadari Pershing, alifika kukagua kikosi chao, naye akamkemea mkubwa wao mbele ya watu wote. Marshall aliona maneno yale si ya haki. Pershing alipogeuka kwenda zake, Marshall alimshika mkono, akamweleza shida zote zilizokuwa zimewapata na sababu zake, moja moja, bila kuficha. Wenzake waliosimama pale walitetemeka, wakadhani leo ndio mwisho wa kazi yake. Kumbe Pershing alikuwa mtu mwenye busara. Tangu siku ile, kila alipokuja, alimwita Marshall pembeni kumwuliza hali ya kweli ilivyo. Katika mwezi wa Septemba, 1918, Marshall ndiye aliyeandaliwa kazi ya kuhamisha mamia ya maelfu ya askari kutoka uwanja mmoja wa vita mpaka mwingine, usiku usiku, kwa barabara chache mbovu, adui asijue. Kazi ikatimia kwa wakati wake.

Vita vilipokwisha alikuwa msaidizi wa Pershing kwa miaka kadha, kisha akakaa China miaka mitatu. Mwaka wa 1927 mkewe alifariki dunia. Hawakujaliwa mtoto, na msiba huo ulimwumiza sana. Akauzika uchungu wake katika kazi ya kufundisha maofisa huko Fort Benning, na wengi waliopita mikononi mwake ndio waliokuja kuwa majemadari katika vita vya pili. Mwaka wa 1930 alimwoa Katherine Brown, mjane mwenye watoto watatu, akawalea kama watoto wake mwenyewe.

Desturi yake ya kusema kweli haikumtoka. Mwezi wa Novemba, 1938, Rais Roosevelt aliita mkutano juu ya kujenga ndege nyingi za vita. Wote waliokuwamo walikubali maneno ya Rais. Rais akamgeukia Marshall, akamwita kwa jina lake la kwanza, akamtaka naye akubali. Marshall akajibu kwamba hakubaliani naye hata kidogo. Walipotoka nje, wenzake walimpa mkono wa kwa heri kama mtu anayefukuzwa. Lakini miezi michache baadaye Rais alimchagua huyo huyo kuwa Mkuu wa Jeshi la nchi kavu. Alikula kiapo tarehe 1 Septemba, 1939, siku ile ile Wajerumani walipoingia Poland na Vita Kuu ya Pili kuanza.

VITA KUU YA PILI

Jeshi alilolipokea lilikuwa na watu wasiofika 200,000. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 lilikuwa na zaidi ya milioni 8. Fikiri, msomaji, kazi ya kuwapata watu hao wote, kuwavisha, kuwafundisha, kuwalisha, na kuwapeleka ng'ambo ya bahari mbili. Yote yalipita mezani pake.

Mwisho wa mwaka wa 1943 ilibidi achaguliwe jemadari wa kuongoza majeshi yatakayovuka kutoka Uingereza kwenda kuikomboa Ufaransa. Kila mtu alijua kwamba hiyo ndiyo kazi ambayo historia haitaisahau, na kila mtu alidhani itakuwa ya Marshall. Rais Roosevelt alimwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Angaliomba, angalipewa. Marshall alikataa kuomba. Alisema Rais aamue kwa faida ya nchi, na yeye atafuata. Rais akaona hawezi kumkosa Marshall hapo Washington, akamchagua Eisenhower. Na barua ya kumtangaza Eisenhower iliandikwa kwa mkono wa Marshall mwenyewe. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, 1944, mmoja wa watoto wale aliowalea, Luteni Allen Brown, aliuawa vitani Italia. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba askari huyu wa mezani hakuonja uchungu wa vita.

Marshall aliacha jeshi mwezi wa Novemba, 1945, akitumaini kupumzika na kulima bustani yake. Siku chache tu baadaye Rais Truman alimpigia simu, akamtuma China kuwapatanisha Wakomunisti na chama cha Chiang Kai-shek. Alikaa huko zaidi ya mwaka, akashindwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea. Jambo hilo twapaswa kulisema wazi, maana maisha ya mtu mkuu si ushindi mtupu. Aliporudi, mwezi wa Januari, 1947, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

ULAYA YENYE NJAA

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyolifanya jina lake lijulikane ulimwenguni. Ulaya ilikuwa magofu. Madaraja yalikuwa yamevunjwa, reli zimekatwa, na mamilioni ya watu hawana makao. Majira ya baridi ya mwaka wa 1946 na 1947 yalikuwa makali ajabu. Huko Uingereza theluji ilizuia treni za makaa ya mawe, viwanda vikafungwa, na mkate, ambao haukugawiwa kwa kipimo wakati wa vita, sasa ulikuwa wa mgao. Huko Ufaransa baridi iliharibu ngano mashambani.

Tena palikuwa na ugonjwa mwingine usioonekana kwa macho. Mkulima wa Ulaya alikuwa na nafaka kidogo, lakini hakutaka kuipeleka mjini kuiuza, kwa sababu fedha atakayopewa haina kitu cha kununua. Mjini hakuna jembe, hakuna nguo, hakuna misumari. Na fundi wa mjini hawezi kutengeneza jembe, kwa sababu hana chuma wala makaa, naye ana njaa. Vitu vyote vilivyotakiwa vilipatikana Marekani, lakini Marekani ilitaka dola, na Ulaya haikuwa na cha kuuza ili ipate dola. Hivyo gurudumu lilisimama, na kila mmoja alimngoja mwenzake alisukume.

Katika miezi ya Machi na Aprili, 1947, Marshall alikuwa Moscow kwa mkutano wa mawaziri juu ya Ujerumani. Wiki zikapita bila mapatano. Alirudi akiwa na wasiwasi kwamba wakati maneno yanaendelea mgonjwa anakufa. Hakukimbilia kutoa amri. Kwanza aliunda katika wizara yake kikundi kidogo cha watu wa kuchunguza na kufikiri mambo ya mbele, chini ya Bwana George Kennan, aliyeijua sana Urusi. Aliwapa majuma machache tu, akawaagiza waachane na mambo madogo madogo. Tena alipata taarifa za Bwana William Clayton, msaidizi wake wa mambo ya uchumi, aliyekuwa ameizunguka Ulaya na kuona taabu kwa macho yake.

HOTUBA YA HARVARD

Tarehe 5 Juni, 1947, Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Marshall shahada ya heshima. Akasimama akasoma hotuba fupi, kwa sauti ya chini, bila madoido. Alieleza hali ya Ulaya, habari ya mkulima na mtu wa mjini, kisha akasema mambo mawili makubwa. La kwanza, kwamba Marekani haikusudii kupigana na taifa lo lote wala mafundisho yo yote, ila na njaa, umaskini na machafuko. La pili, kwamba si haki wala si vyema Marekani ikae peke yake na kuiandikia Ulaya mpango wa kuinuka. Watu wa Ulaya wenyewe wakutane, wapatane juu ya mahitaji yao na juu ya yale watakayofanya kwa nguvu zao, na Marekani itawasaidia.

Angalia ndani ya jambo hili la pili. Mwenye fedha mara nyingi hutaka na kalamu pia. Marshall alitoa fedha, kalamu akawaachia wenye shida.

Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, Bwana Ernest Bevin, aliyekuwa mtoto wa maskini na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alizipata habari za hotuba ile katika redio. Hakungoja barua rasmi. Mara moja alishauriana na mwenzake wa Ufaransa, Bwana Bidault, wakamwalika na Molotov wa Urusi. Molotov alifika Paris, lakini mapema mwezi wa Julai akaondoka, akikataa mpango wa mataifa yote pamoja. Chekoslovakia ilikuwa imekwisha kubali mwaliko. Stalin akailazimisha kuuacha. Mwishowe mataifa 16 yalikutana Paris tangu tarehe 12 Julai, 1947, yakafanya hesabu ya mahitaji yao yote.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuwashawishi Wamarekani wenyewe, maana wengi walisema wamekwisha toa vya kutosha. Marshall alisafiri huku na huko akisema na wakulima, wafanyabiashara na vyama vya wanawake, kana kwamba yeye ndiye anayegombea uchaguzi. Katika Baraza la Seneti alisaidiwa na Seneta Arthur Vandenberg wa chama cha upinzani. Seneta huyo, kabla ya kuamua jinsi msaada utakavyosimamiwa, alikiomba chuo cha utafiti cha Brookings kilichopo Washington kichunguze jambo hilo, nacho kikatoa taarifa yake mwezi wa Januari, 1948. Hivyo twaona kwamba kazi ya watafiti, watu wakaao na vitabu na hesabu, ilikuwa na sehemu yake katika jambo lililolisha mamilioni. Rais Truman alitia sahihi sheria tarehe 3 Aprili, 1948. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mpango uitwe kwa jina la Marshall.

JINSI MPANGO ULIVYOFANYA KAZI

Wengi hudhani kwamba Marekani ilipakia fedha katika magunia ikayatupa Ulaya. Sivyo. Sehemu kubwa ya msaada ilikwenda kama vitu: ngano, mbolea, pamba, mafuta, mashine na matrekta. Chukua mfano wa mkulima wa Ufaransa anayehitaji trekta. Kiwanda cha Marekani kililipwa kwa dola na Serikali ya Marekani. Trekta likavuka bahari. Mkulima hakupewa bure. Alilinunua kwa faranga, fedha ya nchi yake. Faranga zile hazikwenda Marekani, bali ziliwekwa katika mfuko wa pekee wa nchi yake, na kwa mapatano ya pande mbili zikatumika kujenga reli, mitambo ya umeme na viwanda. Kwa njia hiyo dola moja ilifanya kazi mara mbili, na mkulima aliendesha trekta lake akijua kwamba amelinunua.

Kati ya mwaka wa 1948 na 1952 zilitumika kama dola bilioni 13. Uingereza ilipata fungu kubwa kuliko wote, ikifuatiwa na Ufaransa. Hata sehemu ya magharibi ya Ujerumani, nchi ya adui wa jana, ilipata sehemu yake. Mataifa yale yaliunda chama cha ushirikiano wa uchumi huko Paris, na hapo wale waliokuwa wakipigana walizoea kuketi meza moja na kuonyeshana hesabu zao. Mwaka wa 1949 mataifa ya pande mbili za Atlantiki yalifunga pia mapatano ya kulindana, ndiyo NATO, ingawa Marshall alikuwa amekwisha acha uwaziri kwa ugonjwa wa figo.

Wako wasemao kwamba Marekani ilijifikiria yenyewe: ilihitaji wanunuzi wa bidhaa zake, na iliogopa Ukomunisti usienee. Maneno hayo yana kweli. Tena mpango ule ulizidi kuonyesha mpaka uliogawa Ulaya ya mashariki na ya magharibi. Na sisi wa Afrika twakumbuka kwamba nchi zetu, zikiwa chini ya wakoloni, hazikuketi kwenye meza ile ya Paris, ingawa mazao na madini ya makoloni yalitiwa katika hesabu za kuinua Ulaya. Lakini kosa la kutualika halifuti uzuri wa kanuni yenyewe. Zaidi latuonyesha jinsi ilivyo muhimu kwa mwenye shida kuwa na kiti mezani.

MATUSI NA HESHIMA

Marshall aliitwa tena kazini mwaka wa 1950, wakati wa vita vya Korea, akawa Waziri wa Ulinzi kwa mwaka mmoja. Ndipo Seneta Joseph McCarthy, mwezi wa Juni, 1951, alipomshambulia kwa hotuba ndefu, akimsingizia kwamba alishiriki katika hila za kuidhoofisha nchi yake mwenyewe. Mzee wa miaka 70, aliyeitumikia nchi tangu ujana, aitwa msaliti! Marshall hakujibu. Aliona kwamba kama maisha yake yote hayakutosha kuwa jibu, maneno yake hayatatosha.

Mwaka wa 1953 ulimlipa. Mwezi wa Juni aliongoza wajumbe wa Marekani katika sherehe ya kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili, London. Yasimuliwa kwamba alipoingia kanisani watu walisimama, naye akageuka nyuma kutazama ni mkubwa gani anayeingia. Kumbe walimsimamia yeye. Mwezi wa Desemba alikwenda Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kupokewa tuzo ya mwaka wa 1952 ya Daktari Albert Schweitzer, aliyewatibu wagonjwa huko Lambarene, Gabon. Ukumbini baadhi ya vijana walipiga kelele na kutupa karatasi, wakipinga askari kupewa tuzo ya amani. Marshall katika hotuba yake alikubali kwamba jambo hilo laweza kuonekana geni, lakini akaeleza kwamba yeye aijua gharama ya vita, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuhesabu waliokufa.

Wachapishaji walimtaka aandike habari za maisha yake kwa fedha nyingi. Akakataa, asije akawaumiza watu au kujisifu. Alifariki tarehe 16 Oktoba, 1959, akazikwa Arlington. Aliagiza mazishi yawe madogo, bila fahari ya taifa.

ZAWADI YA WAJERUMANI

Mtu mwema hufa, lakini wema wake huzaa. Tarehe 5 Juni, 1972, miaka 25 kamili baada ya hotuba ya Marshall, Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi, Bwana Willy Brandt, alisimama katika chuo kile kile cha Harvard. Alitangaza kwamba watu wa Ujerumani, kwa kushukuru, watatoa Mark milioni 150, kwa muda wa miaka 15, kuanzisha kituo huko Marekani. Kiliitwa Mfuko wa Kijerumani wa Marshall, na makao yake ni Washington.

Kazi ya kituo hicho ni kuchunguza uhusiano kati ya Marekani na Ulaya. Watafiti wake huandika juu ya ulinzi, biashara na siasa. Huwakutanisha viongozi wa pande mbili ili wasemezane kabla ugomvi haujakua. Na huwavusha viongozi vijana bahari, wa huku waende kule na wa kule waje huku, wajionee. Baada ya mwaka wa 1989, mipaka ya Ulaya ilipofunguka, kituo kilivisaidia pia vyama vya raia katika nchi za mashariki, zile zilizokatazwa kuketi Paris mwaka wa 1947.

Tazama, Wajerumani walifuata kanuni ya Marshall mwenyewe: walitoa fedha zao, lakini uongozi wa kituo wakawaachia Wamarekani. Aliyesaidiwa vizuri alijifunza kusaidia vizuri.

FUNZO KWETU

Siku hizi, kila inapotokea shida kubwa, watu husema kwamba panatakiwa Mpango wa Marshall. Hata Afrika imetajwa hivyo. Mwaka wa 2017 Serikali ya Ujerumani ilitoa mpango wake juu ya bara letu kwa jina hilo. Basi sisi wanafunzi, ambao kesho ndio tutakaoketi katika meza za mashauri, tusitazame wingi wa fedha tu. Tuulize: ni nani aliyeshika kalamu? Je, sisi majirani tumekutana wenyewe kwanza, tukahesabu tulicho nacho na tulichopungukiwa?

Mbeleko ya kukopa haimfichi mtoto, na anayesaidiwa bila kushauriwa ni kama mtoto wa mbeleko hiyo. Marshall alilijua hilo, labda kwa sababu naye aliwahi kudharauliwa na ndugu yake, akajua uchungu wa kuhesabiwa kuwa si kitu. Yeye hakumhesabu mtu ye yote hivyo, hata adui aliyeshindwa. Hilo hata sisi twaliweza, leo, katika mabweni yetu: kumwinua mwenzetu aliye chini darasani, au mgeni aliyeingia jana, kwa namna ambayo kesho ataweza kumwinua mwingine.